Nguo Zilizofuliwa Siku ya Safari

Wiki iliyopita tulimwacha Wilf Osgerby kwenye tezi, nyuma ya meli, kamba mikononi. Mwisho wa pili wa kamba hiyo ulikuwa umefungwa kiunoni mwa mtu aliyemchukia kuliko wote walio hai. Kamba ilikuwa imezungushwa mara tatu kwenye kigogo cha chuma, na Wilf alikuwa ameshafungua mzunguko mmoja.

Msomaji uliyechelewa, usione haya, sogea ukae. Tutakwenda mbio kidogo.

Aliyekuwa majini ni Nahodha Enoch Drewery, mkuu wa meli iitwayo *Hilda Cawthorne*, na tena baba mkwe wa Wilf. Meli yenyewe ilizaliwa kuvua samaki kutoka Grimsby. Vita ilipoanza, jeshi la wanamaji likaipaka rangi ya kijivu, likaipachika mzinga wa enzi za mababu kwenye omo, mbele ya meli, na likawaambia wavuvi wale wale waache kuvua samaki wavue mabomu. Kila kukicha hukokota waya mrefu nyuma yao, kukata minyororo ya mabomu ambayo Wajerumani wameyatega chini ya maji, ili meli za chakula zipite salama.

Asubuhi ile ya Machi 1941, waya ulileta bomu, na bomu likaja limevaa wavu. Wavu ukajisokota kwenye pangaboi, mashine ikakoroma ikazima. Bomu likabaki linaelea hatua kumi nyuma ya meli, limenaswa na wavu ule ule, pembe zake juu, na mkondo wa maji ukilisukuma pole pole kuelekea kwao. Pembe moja tu ikigusa chuma, watu kumi na wanne wangezikwa bila majeneza.

Nahodha aliwaamuru wote wakimbilie omo. Akavua mabuti, akashika kisu, akasema nahodha hamtumi mtoto wa mwenzake kufanya kazi ya namna ile. Kisha akauliza ni nani atamshikia kamba.

"Mimi, Nahodha," Wilf akasema.

Mzee akatabasamu. "Ndiyo faida ya kuozesha binti," akasema, akashuka majini.

Laiti angalijua. Oktoba iliyopita, meli ya *Grace Mumby*, iliyokuwa ikifagia bahari sambamba na *Hilda*, ililipuka, na ndani yake alikuwamo Alfie, mdogo wake Wilf, kitinda mimba wa mama yao. Drewery aliapa mbele ya baraza la uchunguzi kwamba ililipukia katika njia iliyofagiliwa mabomu, kando ya boya, na kwamba hakubaki hata mtu mmoja wa kuokoa. Mwezi wa Januari, baharia Clem Leake wa *Hilda*, mgonjwa wa kifua asiye na siku nyingi duniani, akamwandikia Wilf barua. "Nilikuwa zamu kwenye omo siku ile," aliandika. "Ukungu ulikuwa mzito, lakini nilisikia sauti mbili majini zikiita. Nahodha alisikia pia. Akageuza meli, tukaondoka."

Wilf aliificha barua hiyo katika mfuko wa ndani wa koti lake la arusi, akaenda kuomba ahamishiwe kwenye meli ya baba mkwe wake. Akapewa kazi ya userahangi, yaani kusimamia mabaharia. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Wilf aliubusu miezi miwili, akinywa chai na yule mzee, akimkunjia blanketi, akicheka vichekesho vyake vya zamani.

Leo mkono umepatikana, na kisu kipo.

Hata mpishi Percy Blow alikuwa amemtabiria mabaya asubuhi. Wavuvi wa Grimsby wana miiko mingi, lakini huu ndio mkubwa: mwanamke hafui nguo za baharini za mtu wake siku anayosafiri, kwa sababu maji yanayoiosha nguo yatamwosha na mwenyewe baharini. Meli ilipokuwa inatoka lango la bandari, mahali ambapo uani kwa kina Osgerby panaonekana vizuri, Percy alitazama akaona sweta ya bluu kambani, mikono juu kama mtu anayezama.

"Serahangi, mkeo anakutakia nini?" alimwuliza. "Mimi wangu hunirushia sufuria, lakini kufua siku ya safari hajathubutu."

Wilf alimjibu kwamba macho yake yameharibiwa na moshi wa jikoni. Zile ni nguo za jirani. Elsie ni binti wa nahodha, aliujua mwiko huo kabla hajajua kutembea. Ni kweli alipoondoka nyumbani saa kumi na moja alikuta moto umeshawashwa chini ya pipa la maji, lakini alidhani ni ya chai.

Turudi kwenye kamba.

"Legeza kidogo, mwanangu," Nahodha akaita kutoka chini. Meno yalikuwa yanagongana. Maji ya Machi hayana urafiki. Robo saa humo, na vidole vya mtu havijui tena kufunga kifungo.

Wilf akalegeza. Alimwona mzee akikata, akivuta, akikata, kwa mkono uliofanya kazi hiyo miaka thelathini. Kipande cha wavu kikajitenga na pangaboi, kikaelea karibu na ubavu wa meli. Wilf akainama kukitazama.

Kwenye kona ya wavu kulikuwa na fundo la uzi mwekundu.

Wanawake wa Grimsby wanaosuka nyavu ni wengi, lakini anayefunga fundo la uzi mwekundu kwenye kona ni mmoja tu, Mama Hannah Osgerby, mamake Wilf. Alianza kufanya hivyo mwaka ambao mumewe hakurudi kutoka Aislandi. Na wavu huu, kwa ukubwa wake mdogo na kamba zake, Wilf aliujua kama kiganja chake. Aliubeba mwenyewe ndani ya gunia la makaa mwezi wa Septemba, akampelekea Alfie kwenye *Grace Mumby*. Meli za kijeshi haziruhusiwi kuvua, lakini mvuvi haachi kuvua kwa kuwa tu serikali imemvisha kofia.

"Nahodha," Wilf akaita. "Huo wavu una uzi mwekundu?"

Kisu kikasimama.

"Baridi inanimaliza, Wilf. Tutaongea huko juu."

"Unao au hauna?"

"Unao."

"Basi ni wavu wa *Grace Mumby*. Na boya la njia liko maili tano magharibi. Ndipo ulipoapa kwamba walizamia."

Mzee alijaribu. Akasema mkondo una nguvu, wavu umesukumwa tangu Oktoba, bahari ina mambo yake. Wilf alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza swali ambalo hakimu wa mjini asingejua kuuliza.

"Wavu wa kukokota una mnyororo chini na magurudumu ya chuma. Wewe na uzee wako, umewahi kuuona ukiogelea?"

Njia ya mwongo fupi, na hii ya Drewery ilikuwa imeishia kwenye fundo la mwanamke mjane.

Wilf akafungua mzunguko wa pili. Kamba ikateleza, mzee akazama hadi kidevuni, akaibuka akitema maji. Akainua uso. Sasa alikuwa ameelewa kwamba mtu aliyeshika uhai wake hajamshikia kwa wema.

"Clem Leake aliniandikia kabla hajafa," Wilf akasema.

"Kumbe ndiyo maana uliomba kuja kwangu."

"Ndiyo maana."

"Na mimi nikawatambia watu baa nzima kwamba nina mkwe anayenipenda."

Wimbi likapita, bomu likacheza, likasogea. Hatua kumi zilikuwa zimebaki sita. Zilikuwa zimebaki nyuzi kama nne nene zinazoliunganisha na meli. Nahodha akalitazama bomu, akamtazama Wilf, na akasema kwa sauti ya kazi, ile ile aliyozoea kutoa amri nayo:

"Ukiniachia sasa tunakwenda wote. Percy ana watoto sita. Acha nimalize, kisha fanya ulichokuja kufanya."

"Kata," Wilf akasema. "Kata huku unasema. Ukinyamaza naachia, na hao kumi na wawili watanisamehe mbinguni."

Hakuna aliyewasikia. Wengine wote walikuwa omo, wamejikunyata nyuma ya mzinga, wakiomba kila mmoja kwa dini aliyoikumbuka.

Basi Enoch Drewery akakata, na huku anakata akasema. Alisema ni yeye aliyewatuma *Grace Mumby* nje ya njia. Ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi yake ilikuwa arusi ya Elsie na Wilf. Chakula cha mgao kilikuwa aibu tupu, nyama haikutosha watu sita, na yeye, Enoch Drewery, hakutaka kumwozesha binti yake wa pekee kwa mkate na jemu. Alimpigia Alfie kelele toka meli hadi meli, kwamba wautupe ule wavu mdogo kwenye maeneo yao ya zamani, wapate hadoki wawili watatu wa karamu. Alfie alicheka, akasema kwa ajili ya kaka yake angevua hata chini ya kitanda cha Hitla.

Mtupo wa kwanza ulitoka mzuri. Waliwarushia *Hilda* vikapu vinne. Wakautupa wavu tena, na safari hii ukakamata mabomu mawili, moja likaipasua meli, la pili likabaki limenaswa.

Wilf alisimama pale akikumbuka. Vikapu vinne. Alivikumbuka vikiingia mlangoni Jumamosi asubuhi, Nahodha mwenyewe akivibeba kifua mbele. Alikumbuka samaki weupe, watamu, waliokaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na namna alivyoomba aongezewe. Aliongezewa mara mbili. Alikumbuka vilevile kwamba aliuliza Alfie yuko wapi, na Nahodha akasimama akagonga glasi, akasema kijana amezuiwa na kazi ya mfalme, tumnywee afya yake. Karamu nzima ikainua bia kwa afya ya Alfie, ambaye tangu jana yake alikuwa chini ya maji. Habari ililetwa Jumatatu.

Akatema mate baharini. Miezi mitano baadaye, ladha ya samaki wale ilikuwa bado mdomoni.

"Ulisikia sauti?" akauliza.

"Nilisikia."

"Ngapi?"

"Mbili. Moja ilikuwa inaniita mimi. Ya pili..." Mzee akakata uzi wa tatu, akapumua. "Ya pili ilikuwa inakuita wewe. Akili zilikuwa zimemruka. Alikuwa anaita Wilf, Wilf."

"Ukageuza meli."

"Kulikuwa na mabomu kila upande."

"Nimekuambia useme kweli."

Drewery alifunga macho. Ndevu zake zilikuwa zimeanza kushika barafu.

"Mabomu niliyafikiria baadaye," akasema. "Kwanza nilifikiria kitabu cha meli. Ningewaokoa, ningelazimika kuandika mahali nilipowaokolea. Wangeniuliza tulikuwa tunafanya nini pale. Nilifikiria jina langu, Wilf. Halafu ndipo nikayakumbuka mabomu, nikayashukuru."

Akaukata uzi wa mwisho.

Wavu ukajinyoosha, bomu likageuka, likaanza kuondoka zake pamoja na mkondo, uzi mwekundu wa Mama Hannah ukilifuata nyuma. Hatua kumi. Kumi na tano. Thelathini. Toka omo watu wakapiga mayowe ya furaha.

Kazi ilikuwa imekwisha. Hapakuwa tena na sababu ya kumwacha hai.

"Sasa," mzee akasema. Kisu kilikuwa kimemponyoka, mikono haimtii tena. "Fanya."

Wilf akaushika mzunguko wa tatu. Alikuwa ameuota wakati huu kila siku tangu Januari. Atasema vidole viliganda. Atasema kamba iliteleza. Watamzika mzee kwa bendera, na Wilf atasimama kando ya mkewe ampe leso.

Alikuwa ameshaanza kuufungua.

Labda ni hofu, labda ni shari, maana mtu anayezama huwa hachagui cha kushika. Enoch Drewery alifungua kinywa mara moja zaidi.

"Lakini usidhani ni mimi peke yangu niliyekula samaki wale nikijua," akasema. "Elsie alijua. Ijumaa jioni nilimwambia meli ya Alfie imepotea. Ni yeye aliyesema tunyamaze. Alisema, mwacheni Wilf apate siku moja ya furaha."

Elsie, aliyecheza naye mpaka viatu vikamwuma. Elsie, aliyempakulia samaki kwa mkono wake mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Hapo hasira yake ikageuka sura. Mpaka dakika ile alitaka mtu afe. Sasa aliona kufa ni zawadi, na yeye hakuja kugawa zawadi. Bendera, tarumbeta, mchungaji akimsifu marehemu kwamba alijitoa mhanga kwa ajili ya mabaharia wake. Enoch Drewery angekufa shujaa, na Alfie angebaki kuwa jina kwenye orodha.

Akakaza kamba. Akaizungusha tena, mara ya pili, mara ya tatu, akakanyaga ukingo wa meli, akavuta.

"Unafanya nini?" mzee akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na woga.

"Nakutoa," Wilf akasema kati ya meno. "Leo jioni utakaa kwenye meza ya mama yangu. Wewe na binti yako. Mtamweleza kile alichokula siku ya arusi na nani aliyekivua. Kila neno, na wewe ndiye utakayelisema jina la Alfie. Ukilisahau neno moja nitakukumbusha."

Alimvuta kama anavyovutwa samaki mkubwa, bila adabu, kifua kikigonga chuma. Percy na wengine walipofika mbio, walimkuta Nahodha amelala sitahani akitweta na Wilf amesimama juu yake, viganja vimechanika, sweta imelowa damu na maji ya chumvi mpaka kwapani.

Walimpongeza. Hilo ndilo lililomwudhi kuliko yote. Walimpiga mgongoni, wakamwita simba, mmoja akasema watamwandikia apewe nishani. Wilf akainama akaikunja kamba.

Mpiga bunduki alililenga bomu kutoka mbali. Risasi ya saba ikalipata. Bahari ikanyanyuka nyeupe, meli ikatikisika mpaka vikombe vikaanguka, na ulipotua ule moshi, samaki walianza kuibuka matumbo juu, kama kawaida baada ya mlipuko. Hadoki, mamia. Percy alishakimbilia kikapu cha kuvulia, maana hiyo ni mboga ya bure ambayo hakuna baharia wa meli hizi anayeiacha ipite.

"Waache," Wilf akasema.

"Serahangi, hawa ni wazima kabisa, ni usingizi tu umewa..."

"Nimesema waache."

Percy akaweka kikapu chini. Meli ikawashwa, ikageuza omo kuelekea nyumbani, na samaki wakabaki nyuma.

Katika chumba cha nahodha, Drewery alikuwa amefunikwa mablanketi manne na bado anatetemeka. Wilf alikaa mlangoni kama askari jela. Mzee akaomba mara moja tu. Alisema, mfikirie Elsie. Wilf akamjibu kwamba Elsie angemfikiria yeye alipokuwa anashika mwiko wa kupakulia.

"Hakujua habari za sauti," mzee akasema. "Namwapia mamake marehemu. Nilimwambia meli imepotea, hakubaki mtu. Sauti tulizisikia mimi na Clem tu."

"Leo atazijua."

"Atanichukia."

"Karibu kwenye chama," Wilf akasema.

Ndipo Percy akaingia na vikombe viwili vya kakao iliyotiwa ramu. Ramu ilikuwa nyingi kuliko kakao. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu, na furaha ya namna hiyo huongeza maneno.

"Na mimi nilivyokusimanga kwa zile nguo, serahangi," akasema. "Nilishaanza kukuhesabu maiti. Sweta kambani, na lile koti lako zuri la arusi pembeni yake, linadondosha maji tiriri. Nikasema huyu harudi. Kumbe mwiko nao hukosea."

Wilf alishusha kikombe.

"Koti gani?"

"Lile jeusi la kola ya mahameli. Nani mwingine mtaani kwenu ana koti la hivyo?"

Hakuna. Na leo ni Jumatano, si siku ya kufua nguo. Koti lile lilikuwa kabatini, na ndani ya koti mfukoni ilikuwamo barua ya Clem Leake. Kikulacho ki nguoni mwako, waliimba watu wa kale, na Wilf alikuwa ameitundika siri yake mwenyewe ndani ya kabati la chumbani kwake.

Basi ameisoma. Ameisoma na ameelewa kwa nini mumewe aliomba meli ya baba yake. Akawasha moto gizani, akamwamsha kwa chai, akambusu mlangoni, na mgongo wake ulipokata kona, akaitumbukiza sweta majini. Binti wa nahodha. Alikuwa na baba upande mmoja na mume upande wa pili, na alikuwa amechagua.

Wilf aliumia kuliko alivyodhani bado anaweza kuumia. Akajicheka kwa ukali. Jioni ya leo meza ya mama yake itakuwa na watatu wa kushtakiana, na yeye mmoja wao.

Saa tisa alasiri *Hilda Cawthorne* ilifika kwenye lango la bandari, ikapunguza mwendo, ikasimama ikisubiri maji yapande. Nahodha alijikokota nje na blanketi lake, kwa sababu nahodha wa Grimsby haingii bandarini akiwa kitandani hata akiwa nusu maiti. Wakasimama bega kwa bega kwenye ukingo, baba na mkwe, na wote wawili wakatazama uani kwa kina Osgerby.

Koti lilikuwa pale. Mifuko yake yote ilikuwa imetolewa nje, hata ule wa ndani.

Na sweta ilikuwa pale, mikono juu.

Upepo ulipovuma, ubaridi ulimkata Wilf kwenye viganja, akashika mikono ya nguo aliyovaa ili aishushe. Ilikuwa sufi, imelowa, imekakamaa kwa chumvi. Akaitazama. Ana sweta moja tu ya baharini, aliyofumiwa na mama yake, na ndiyo hii aliyonayo mwilini tangu asubuhi.

Akageuka kumtazama baba mkwe wake. Drewery ni mgane, na tangu mkewe afariki nguo zake zote hufuliwa na Elsie, kila Jumatatu bila kukosa. Hajawahi kufuliwa siku nyingine.

"Kiwiko cha kushoto kina kiraka cha kijivu," mzee akasema polepole. "Alikitia mamake Elsie."

Kiraka kilikuwa kinaonekana toka pale walipo.

Mwiko wa pili wa wanawake wa Grimsby ni kwamba hawaji langoni kupokea meli. Husubiri nyumbani, birika motoni. Lakini kwenye ngazi za mawe, chini kabisa ambako maji yanapiga, alikuwa amesimama mwanamke aliyevaa nguo nyeusi za msiba, nywele wazi, na ubavuni mwake ofisa wa wanamaji mwenye kofia nyeupe na askari wawili wenye bunduki. Ofisa alikuwa na karatasi mkononi. Hata kwa mbali Wilf aliujua mkunjo wake, kwa sababu aliukunja mwenyewe.

Elsie alimtazama mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayehakikisha kilichorudi ni kizima. Kisha macho yake yakahama kwa baba yake, yakaona blanketi, yakaona ndevu zenye chumvi, yakaelewa kwamba bahari ilimshika ikamrudisha. Hakulia. Akainua mkono, akamwonyesha yule ofisa baba yake kwa kidole.

Meli ikagusa ukuta. Askari wakaanza kupanda.

Enoch Drewery akalikaza blanketi lake kifuani, na bila kuondoa macho kwa binti yake, akamwinamia Wilf sikioni.

"Mkwe," akasema, "ungeiachia tu ile kamba."